Mashavu Apelekwa Mizanini

Palikuwa na nchi, na nchi yenyewe ingalipo, maana asubuhi hii nimetoka kununua mkate ndani yake. Jina lake silitaji. Si kwamba naogopa. Mimi ni balozi wa mtaa, na balozi haogopi kitu isipokuwa barua kutoka juu. Silitaji kwa sababu jina la nchi yetu nalo liko mezani, linachunguzwa kama ni zito au ni la kudeka, na mpaka majibu yatoke tumeombwa tuseme tu "hapa kwetu".

Basi hapa kwetu mambo yalikuwa shwari mpaka Dokta Kidege aliposafiri. Dokta Kidege Mwinyikai alikuwa Waziri wetu wa Mambo ya Nje, mama wa miraba minne, mwenye shahada zilizojaza ukuta mmoja na nusu wa sebule yake. Akaenda kwenye mkutano wa mataifa. Huko mkalimani, kijana mwenye bidii kupita kazi aliyopewa, alipofika kwenye jina lake hakulisoma, akalitafsiri. Ukumbi mzima ukatabasamu. Hawakucheka, wangecheka tungetangaza vita na mambo yangeisha. Walitabasamu, vile watu wanavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Mtukufu Rais alipata taarifa akiwa mezani, akaisukuma sahani. Jioni ileile akalihutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "taifa linaweza kustahimili ukame. Taifa linaweza kustahimili njaa, na ninyi ni mashahidi kwamba mmestahimili. Lakini taifa haliwezi kustahimili kutabasamiwa!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Dokta Kidege akahamishiwa Wizara ya Mifugo, idara ya kuku, ambako ilionekana jina lake halitamshangaza mtu. Bunge nalo likapitisha sheria ya kuunda Mamlaka ya Uzito wa Majina.

Sheria yenyewe ni nyepesi kuielewa. Mtoto wa kike akizaliwa, jina lake lipelekwe kwa Mamlaka kabla ya arobaini yake. Likionekana zito, lenye heshima, jina linaloweza kuvaa joho na kukaa kwenye kibao cha mlangoni, litapigwa muhuri. Likionekana la kudeka litafutwa, na mtoto atapewa jina kutoka Ghala la Majina la Taifa. Mbunge mmoja wa viti vya nyuma aliuliza kwa nini sheria iwaguse wa kike tu. Waziri mhusika akasimama, akafunga kifungo cha koti, akajibu: "Mheshimiwa Spika, mvulana hata akiitwa Kijiko, siku moja ataota ndevu, na ndevu zitambebea jina." Bunge likaridhika. Nami niliridhika, ingawa nina mabinti watatu na ndevu zangu mwenyewe si za kutegemewa.

*

Mwanzoni Mamlaka ilipima kwa mizani kweli. Ilichukuliwa ile mizani kubwa ya soko la nazi, ikapakwa rangi za taifa. Jina liliandikwa kwenye karatasi, likawekwa upande mmoja, na upande wa pili likawekwa Jiwe la Serikali. Sasa, watu wa hapa kwetu wana kasoro nyingi, lakini ujinga si mojawapo. Haikupita wiki, mtu akaleta jina la bintiye limeandikwa kwenye ubao wa mlango. Mwingine akaja na lake limechongwa kwenye kinu. Siku hizo majina yote yalifaulu, hata Fifi, hata Chichi, alimradi baba ana mbao.

Mamlaka ikaona inachezewa. Ikaalika mtaalamu kutoka mbali, akakaa kwenye hoteli nzuri kwa muda mrefu, akanenepa, akatuachia majaribio matatu ambayo ndiyo yanayotumika hadi leo.

La kwanza ni Jaribio la Kiapo, ambapo jina linatiwa ndani ya kiapo cha uwaziri ili kuona kama linakaa. La pili ni Jaribio la Tanzia. Hapo jina linasomwa kama tangazo la kifo la redioni, kwa kuwa kila jina siku moja litafika huko na ni vizuri kujua mapema litakuwa na sura gani. La tatu ndilo kubwa, Jaribio la Uani. Mama mzazi analiita jina kwa sauti ya uani, vile angemwita mtoto huku ugali unaungua, na Mamlaka inasikiliza kama sauti ina amri au ina maziwa. Kwa nini mama, na si baba? Kitabu cha kanuni kimejibu: utafiti umeonyesha kwamba baba huwa hayupo.

Anayeshindwa huenda Ghalani, na Ghala usiliombee mwanao. Majina yake yalitungwa na kamati iliyokuwa imetoka semina. Mtaani kwangu tayari tunaye Tathmini, binti wa muuza mkaa, na mapacha wa fundi baiskeli walioandikwa Sera na Utekelezaji. Sera anaendelea vizuri sana, anakimbia. Utekelezaji bado hajaanza kutembea.

*

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa Hemedi, fundi redio, na mkewe Riziki, pamoja na mama yake Hemedi. Mama huyo ndiye Bi Mashavu. Kama hujafika mtaani kwetu, jina hilo litakupa picha ya kitoto kinono kilichopakwa poda. Sisi tunaomjua linatupa picha nyingine. Bi Mashavu ndiye mkuu wa vyungu katika kila harusi na kila msiba. Sufuria halifunuliwi mpaka aseme. Akipita barabarani vijana hupunguza redio bila kuambiwa, na mimi, balozi mzima, huangalia kama shati langu limechomekwa vizuri.

Riziki alikaa miaka mingi bila mtoto, mpaka majirani wakaanza kumuuliza kwa macho. Alipojaaliwa, akajifungua binti. Vigelegele havijatulia, Hemedi yuko mlangoni kwangu.

"Balozi, jina tumepata."

"Haya, nani?"

"Mashavu. La mama."

"Umeamua wewe?"

"Mimi nilikuwa na Nuru kichwani. Ni Riziki mwenyewe. Amesema mtoto atakuwa somo wa mama, na kama si hilo basi asiitwe kabisa."

Nilishangaa, na nitasema kwa nini. Kwanza, Riziki na mkwewe hawakuwa watu wa kucheka pamoja. Waliheshimiana kwa mbali, kila mmoja na upande wake wa jiko. Pili, na hili ndilo zito, Riziki ametoka bondeni, na bondeni mkwe hatajwi. Jina la mama mkwe kwao ni kaa la moto, hulitii mdomoni. Tangu aolewe hajawahi kulitamka, wala hataji kitu kinachofanana nalo. Siku jino lilipomuuma alimwambia daktari, "Nimevimba huku pembeni mwa mdomo." Na sasa amezaa mtoto mwenye mashavu ya kweli, kila mgeni anataka kuyafinya, naye anawaambia wageni, "Jamani, msimfinye huko kando ya pua." Mtoto mwenyewe Riziki alikuwa akimwita "Mama", kama desturi ilivyo, kwa sababu aliyechukua jina la mama ni mama.

Kwa hiyo alichagua jina asiloweza kulisema, katika nchi inayotaka alipigie kelele. Mdogo wake, Asila, ambaye husuka nywele kwenye saluni ya kona, alimwambia wazi. Mimi nilikuwepo; nilikwenda kuhakiki idadi ya wakazi, na chai ilikuwa tayari.

"Dada, hilo si jina la kumwita mtoto. Ni la kumfinya," Asila alisema. "Mwite Malkia. Mwite Sultana. Leo kila mtu anatafuta jina lenye kilemba, wewe unatafuta lenye poda."

"Hili ndilo lake."

"Watalikataa! Watamwandika Mpango Mkakati. Ataolewa anaitwa Mpango Mkakati, atazikwa anaitwa Mpango Mkakati. Na hilo la kuita uani je? Utasimama mbele yao useme nini? 'Mama, njoo'?"

Riziki akainama. Alikuwa akimfunga mtoto nepi, na mikono yake ikawa haifungi wala haifungui. Alikuwa na hofu, na yeyote mwenye macho angeiona. Nikamaliza chai yangu, nikaandika kwamba wakazi wameongezeka kwa mmoja, jina linangojwa.

*

Siku ya kupimwa ilipofika tulikwenda sote. Balozi lazima amsindikize kila mtoto wa mtaa wake, ili lawama ikitokea iwe na pa kufikia. Mlangoni askari akatusomea kanuni: ikiwa jina limerithiwa na mwenyewe yu hai, mwenyewe haruhusiwi ukumbini, uso wake usije ukaongeza uzito. Bi Mashavu hakubishana. Akaketi kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, kanga mabegani, mikono mapajani. Askari akamwomba radhi mara kadhaa bila kuulizwa.

Ndani tulimkuta Mzani Mkuu wa Majina, Profesa Badi Mkadam, amevaa joho la zambarau lililotariziwa mizani kifuani. Pembeni yake alikaa karani, Bi Stumai, mwanamke wa makamo mwenye sauti nzuri ya redio, ndiyo iliyompatia kazi. Profesa alikohoa, akafungua shughuli.

"Jina," alisema, "ni mlango wa taifa. Na mlango, kama mjuavyo, una bawaba. Bawaba ikilegea, mlango unalia. Mlango ukilia, jirani anasikia. Jirani akisikia, anatabasamu. Na sisi, ndugu zangu, tumetoka mbali na tabasamu hilo. Mamlaka hii ndiyo mafuta ya bawaba zenu!"

Bi Stumai akaandika "mafuta". Hemedi akaninong'oneza kama jaribio limeanza. Nikamwambia bado, hizo ni salamu.

Wakaanza na Kiapo. Bi Stumai akainua mkono wa kulia. "Mimi, Mashavu binti Hemedi, naapa kwamba nitailinda, nitaihifadhi na kuitetea Katiba..." Wakati huo Profesa alikuwa ameshika kioo kidogo mbele ya mdomo wake. Kanuni inamtaka Mzani Mkuu ajichunguze mwenyewe. Midomo yake ikipanda, taifa limetabasamu. Akajiangalia kwa makini, kushoto na kulia.

"Upande wa kushoto umepanda," alitamka kwa huzuni. "Andika: la kudeka."

Riziki akamkumbatia mtoto vizuri zaidi.

Ikaja Tanzia. Bi Stumai alijitengeneza sauti, na ukumbi ukapoa. "Tunasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wetu, Bi Mashavu. Marehemu ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo..." Hakika lilikaa. Vichwa viliinama. Askari wa mlangoni akavua kofia. Hata mimi nilianza kujiuliza nani atasimamia vyungu hapo matangani.

"Bado!" ilisema sauti kutoka dirishani.

Profesa akashtuka. "Nani huyo?"

"Ni marehemu, mheshimiwa," nilijibu.

"Andika: zito," Profesa alisema upesi. "Na lifungwe hilo dirisha."

Dirisha halikufungika. Bawaba zake zilikuwa zimeoza, na zabuni ya kuzibadilisha ilikuwa bado haijatangazwa. Likaachwa wazi, na shughuli ikaendelea, matokeo yakiwa sare, moja kwa moja, kila kitu sasa kikingoja Jaribio la Uani.

*

"Mama mtoto, simama hapo kwenye duara," Profesa alisema. "Duara hilo ni jiko. Mtoto yuko uani, anacheza mchanga. Ugali unaungua. Ita."

Riziki akasimama kwenye duara na mtoto mikononi. Akafungua mdomo. Niliona jina limefika kooni, limefika kwenye ulimi, limefika kwenye meno, hapo likakwama. Akafunga mdomo, akajaribu tena. Ukumbi ulikuwa kimya mpaka tukasikia mtu wa ofisi ya jirani akikoroga chai.

"Ugali umeshika chini, mama," Profesa alihimiza.

"Mama," Riziki aliita, kwa sauti ndogo.

"Hilo siyo jina lililoletwa. Ita lililoletwa."

Riziki akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka, yakamdondokea mtoto kwenye kitambaa. Profesa akaweka kioo chini, akavua miwani, kama mtu anayeshuhudia historia.

"Miaka yote niliyokaa hapa," alisema, "nimesikia majina ya kudeka ya kila namna. Nimemsikia Kipusa, nimemsikia Bebi, nimesikia jina lililokuwa mlio wa busu. Lakini sijawahi kuona jina la kudeka kiasi hiki, mpaka mama aliyelitoa anaona haya kulitamka!"

Bi Stumai akaweka kalamu chini. "Mheshimiwa, kwa heshima. Nadhani ni lile jambo la mkwe."

"Jambo lipi?"

"La kutomtaja. Hata mama wa nyumbani kwako, nasikia, mkweo... namaanisha mama yako..."

"Mke wangu," Profesa alisema taratibu, "ana miaka ishirini anamwita mama yangu 'Wenye Nyumba'. Jambo hilo nalijua, nimezaliwa nalo, na ninaliheshimu sana. Lakini fomu ina visanduku viwili, Bi Stumai. Ameita kwa amri. Ameita kwa maziwa. Hakuna kisanduku cha heshima."

Nikanyanyuka. "Mheshimiwa, kama balozi wa mtaa..."

"Balozi atasema akiulizwa."

Nikaketi. Ndiyo kazi yetu.

Hemedi hakuweza kukaa. "Mheshimiwa, niruhusu mimi niite! Mimi naweza, ni mama yangu, ni mwanangu!"

"Baba huwa hayupo."

"Si nipo hapa!"

"Kikanuni hupo," Profesa alisema, wala hakusema kwa ubaya. Kisha akampa ishara Bi Stumai. Karani akaenda kwenye kapu la Ghala, akatumbukiza mkono, akageuza uso pembeni kama mtu anayechinja kuku asiyemchukia, akatoa kijikaratasi.

"Mwelekeo," alisoma.

Riziki alimwangalia mwanawe, mtoto aliyengojwa miaka yote ile, ambaye sasa angetoka arobaini akiitwa Mwelekeo. Sikuweza kumtazama. Profesa alikuwa ameshapumulia muhuri ili wino ulainike, mlango ukafunguliwa.

*

Askari alikuwa na bunduki, lakini pia alikuwa amewahi kula harusini mtaani kwetu. Alimpisha Bi Mashavu bila neno. Bi Mashavu akapita katikati ya ukumbi kama anavyopita katikati ya vyungu, hakumtazama Profesa wala joho lake, akasimama mbele ya duara.

"Mwanangu," alimwambia Riziki. "Niite."

"Siwezi, mama."

"Umeshaniita."

Riziki akainamisha uso. Nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Asubuhi ile ya uchungu," Bi Mashavu aliendelea, "mkunga anakwambia sukuma, na wewe nguvu zimekwisha. Hukumwita mama yako aliyekuzaa. Hukumwita Hemedi. Uliniita mimi, jina langu kavu, bila bi wala mama, wodi nzima ikasikia. Nikaja mbio hata viatu nikaviacha. Au unafikiri aliyekushika mkono alipita tu?"

"Nisamehe, mama." Riziki alikuwa analia sasa, hajizuii. "Nilijua nimekukosea. Kwetu mtu akifanya vile anapelekwa kwa wazee. Na tangu siku ile hukunisemesha vizuri. Nikasema nikimpa mtoto jina lako, labda..."

"Labda nini?"

"Labda utanisamehe."

Bi Mashavu akamsogelea hatua moja. Alipozungumza tena, sauti yake haikuwa ile ya vyungu.

"Nilikunyamazia kwa sababu sikujua pa kuiweka furaha yangu. Watu wananiogopa, Riziki. Jina langu linaitwa pilau likitaka kuungua, basi. Wewe uliniita unapotafuta mtu wa kukushika. Sijaitwa hivyo tangu niwe mtu mzima. Ningekwambiaje? Nilidhani nikilitaja utaona haya, utaamua kulisahau. Sasa usilisahau. Niite tena, mwanangu, huyu mtoto wanamchukua."

Hapo mimi, mtumishi wa Serikali, nilitoa leso na sikuwa nimeulizwa.

Riziki akafuta uso kwa bega. Akavuta pumzi. Akaita.

"Mashavuuu! We Mashavu!"

Njiwa waliruka kutoka kwenye paa la Mamlaka. Mtu wa chai kwenye ofisi ya jirani akadondosha kijiko. Ilikuwa sauti yenye amri kiasi cha kuogopesha na yenye maziwa kiasi cha kuliza, zote kwa pamoja, na Bi Stumai, kalamu juu ya visanduku viwili, hakujua atie wapi alama.

Bi Mashavu akakunja mikono kifuani. Akapinda magoti kidogo, kama wanavyofanya wasichana wadogo wakiitwa na wakubwa wao.

"Abee, mama," aliitika.

Hapa kwetu "abee" ni jibu la mdogo kwa mkubwa wake. Bi Mashavu hatukuwahi kumsikia akilitoa. Wote waliokuwa na haki ya kuitikiwa hivyo naye tulikwisha kuwazika. Alimwitikia mkamwana wake. Aliitika kwa niaba ya yule aliyekuwa kwenye kanga, ambaye alikuwa bado hajui kusema, na kwa niaba yake mwenyewe pia, nadhani. Hemedi aliziba uso kwa mikono miwili.

*

Nilipotazama mbele, Profesa Mkadam alikuwa amesimama. Baadaye alieleza kwamba alikuwa ananyoosha miguu. Alikaa, akaangalia kioo chake, akakiweka kifudifudi bila kutaja alichokiona.

"Mamlaka," alianza, akakohoa, akaanza tena, "Mamlaka imeshuhudia jambo la kitaalamu. Jina hili, likiwa upande huu," akamwonyesha mtoto, "ni la kudeka, na midomo yangu ni shahidi. Likiwa upande huu," akamwonyesha Bi Mashavu, na nikaona amejiweka sawa kwenye kiti, "ni zito, na sidhani kama kuna mtu anataka kubisha. Mzigo mmoja hauwezi kuwekwa pande zote mbili za mizani. Kwa hiyo shauri linaahirishwa hadi mhusika atakapofikia umri wa bibi yake, ndipo aletwe apimwe upya. Hadi hapo atalitumia jina kwa muda."

"Muda gani, mheshimiwa?" Bi Stumai aliuliza.

"Andika miaka sabini. Isipungue."

Muhuri ukapigwa, na cheti kikatoka kimeandikwa MASHAVU (KWA MUDA). Nasikia siku hizi kila mama anakwenda Mamlaka na bibi mtu mmoja mkali, wa kwake au wa kuazima, na mashauri yaliyoahirishwa kwa miaka sabini yamejaa mpaka ngazini. Mamlaka imeomba jengo kubwa zaidi, na sisi wananchi tumeshaambiwa tutachangia.

Lakini siku ile tulitoka nje watu wanne tu na mtoto. Jua lilikuwa kali. Hemedi alikisoma cheti, akakigeuza, akakisoma tena.

"Balozi, hii 'kwa muda' maana yake nini?"

"Maana yake ni lake," nilisema, "mpaka Serikali ikumbuke kulidai."

"Kwa muda ni sawa," Bi Mashavu alisema, akirudisha kanga mabegani. "Hata mimi nilipewa kwa muda."

Askari alitufungulia lango. Riziki akavuta pembe ya kanga, akamfunika mtoto uso jua lisimpige, akalitaja jina tena, polepole, kwa sauti ya kawaida ya mama na mwanawe, na safari hii hapakuwa na mtu wa kulipima.